Nilivyong'atuka Masomo London

Nilishinda. Naomba hilo lieleweke kwanza, kwa sababu yanayofuata hayanipambi sana, na mtu ana haki ya kuanza pale alipong'ara. Katika uchaguzi wa umoja wa wanafunzi wa chuo changu cha London, kwenye nafasi ya makamu wa rais anayeshughulikia elimu, tuligombea watu watano. Wanne walikuwa vijana waliozaliwa wakati mimi tayari nakata nywele mwenyewe. Niliwaacha mbali, na mmoja wao alilia.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nyuma yangu kulikuwa na miaka kumi na miwili ya kufundisha uraia katika sekondari moja ya Morogoro, na minne kati ya hiyo nilikuwa makamu mkuu wa shule. London sikupelekwa na mjomba wala mfadhili. Nilifuga kuku wa nyama, nikauza kuku wa nyama, nikanuka kuku wa nyama hata kwenye mahafali, mpaka nikajilipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika uongozi wa elimu. Naomba msomaji aikumbuke fani hiyo, uongozi wa elimu, maana kuna mahali itahitajika kwa kicheko.

Wapinzani wangu waliendesha kampeni kwenye simu. Walicheza, wakajipiga video, wakabandika picha zenye rangi za kuumiza macho. Mimi nilivaa suti, nikasimama kwenye mlango wa maktaba wiki mbili, nikamsalimia kila aliyepita kwa mikono miwili na kumwuliza anatoka wapi na huko nyumbani hawajambo. Kijana mmoja kutoka Vietnam aliniambia kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kumwuliza habari za nyumbani tangu afike Septemba. Alinipigia kura, akaleta na wenzake sita. Sikuwa na sera yoyote ya maana. Nilikuwa na salamu.

Sasa niieleze nafasi yenyewe, kwa sababu si kama uongozi wa wanafunzi tulioujua kwetu, wa kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Ukichaguliwa unaacha kusoma kwa mwaka mzima. Unaajiriwa na umoja, unapewa ofisi, meza na mshahara, unafanya kazi saa zote kama mtumishi mwingine. Kwa Mwingereza hapo hakuna tatizo. Kwa mwanafunzi wa kigeni kuna viza. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kibarua cha saa chache tu kwa wiki, na kazi ya muda wote hairuhusu, ila serikali yao imeacha mlango mmoja mdogo kwa ajili ya ofisa aliyechaguliwa na wanafunzi wenzake. Mlango huo una masharti. Lazima chuo kiendelee kukudhamini, kikupe hati mpya inayosema wewe ni ofisa wa kuchaguliwa, na uombe ruhusa mpya kabla hujakaa kitini.

Hayo yote yaliandikwa kwenye fomu ya kugombea. Chini kabisa palikuwa na sentensi iliyosema kwamba mgombea wa kigeni aonane mapema na ofisi ya ushauri wa wanafunzi wa kimataifa. Niliisoma. Nikaona ni ushauri wa watoto.

Nilikuwa nimepanga chumba Barking, kwenye nyumba ya dada mmoja wa Iringa, muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Aliishi na binti yake aliyezaliwa huko huko, ambaye ukimsemesha Kiswahili anaelewa mpaka matusi lakini jibu linarudi kwa Kiingereza. Jioni ya ushindi dada alipika pilau, akaita Watanzania wa mtaa ule, akasimama na mwiko mkononi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyumba yake inaishi Mheshimiwa. Walicheka. Mimi sikucheka sana. Wiki iliyofuata nilianza kuchelewa kuitika nikiitwa jina langu la kawaida.

Nilipomaliza mitihani ya mwezi wa tano, yakiwa yamebaki maandishi ya utafiti tu, dhamiri ilianza kunisumbua. Kwa miaka kumi na miwili niliwafundisha watoto wa kidato cha pili kwamba kiongozi bora havai kofia mbili. Sasa mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wa idara na papo hapo kiongozi mteule wa kuisimamia idara ile ile. Ningekaaje kwenye kikao cha kumhoji mkuu wa idara, huku jina langu liko kwenye daftari lake la mahudhurio? Niliona lazima nivue kofia moja, na niivue kwa barua.

Barua ile nilikaa nayo siku tatu. Ilikuwa na anwani mbili, kumbukumbu namba niliyoitunga mwenyewe, na kichwa cha habari chenye Yah na mstari chini yake. Nilianza kwa kurejea uchaguzi. Nikaeleza misingi ya utawala bora katika aya mbili. Katika aya ya mwisho nikasema kwamba kwa moyo mzito, na kwa maslahi mapana ya wanafunzi, nimeamua kung'atuka masomo kuanzia tarehe ya barua hii. Nakala kwa mkuu wa chuo, kwa msajili, kwa rais wa umoja wa wanafunzi, na kwenye jalada. Jalada gani, sijui mpaka leo.

Ni lazima niseme nilichokitegemea, la sivyo nitaonekana kichaa kamili. Kwetu barua ya kung'atuka haimalizi kitu. Kwetu ni ufunguzi wa mazungumzo. Nilipowahi kuandika kwamba naachia umakamu mkuu wa shule, niliitwa ofisini, soda zikafunguliwa, wakaja wajumbe watatu wa bodi, mzee mmoja akatoa machozi kidogo, na baada ya saa mbili tukakubaliana kwamba barua haijapokelewa. Nikarudi darasani nikiwa mzito kuliko nilivyotoka. Kwa hiyo nilitegemea mkuu wa idara aniite, anisihi, akatae katakata, kisha aniombe nipumzike tu kwa mwaka mmoja, nafasi yangu ikinisubiri. Na mimi, baada ya kusita kwa kiasi cha heshima, ningekubali.

Nilimsomea dada barua hiyo akiwa anapiga pasi sare yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima pasi.

"Mdogo wangu," akasema, "hawa watu ukiwaandikia kwamba unaacha, wanaamini."

Nikamwambia kwamba yeye amekaa sana na wazee wagonjwa, mambo ya utawala yamempita. Jumanne asubuhi nikaituma.

Majibu yalikuja kabla sijamaliza chai. Yalitoka kwa karani wa idara, mistari miwili. Alinishukuru kwa kuwajulisha, akanitakia kila la heri, na chini yake akaambatisha fomu ya maoni niseme nimeridhika kwa kiasi gani na huduma yao. Nikajua huyo ni karani tu, mkuu mwenyewe bado anaitafakari. Siku ile nilitembea na simu mkononi. Siku ya pili niliiweka mezani, sauti juu. Siku ya nne nilikutana na mkuu wa idara kwenye ngazi. Alinipa mkono, akanipongeza kwa ushindi, akasema amesikitika kidogo kunipoteza, akaendelea kupanda.

Baada ya wiki mbili hivi nikaitwa kweli, ila iliyoniita ni ofisi ya ushauri wa wanafunzi wa kimataifa. Nilivaa suti.

Nilimkuta mama wa Kihindi wa makamo, miwani imening'inia kwa mkufu, barua yangu imechapwa iko mbele yake. Alikuwa mshauri wa mambo ya viza. Alinitazama kuanzia tai hadi viatu, kisha akafungua mdomo na kikatoka Kiswahili. Baadaye nilijua alizaliwa Kisumu, kwenye duka la baba yake la misumari na mabati, akaletwa London akiwa msichana, na sasa anaishi Southall na wajukuu. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba siwezi kujificha nyuma ya Kiingereza kibovu.

"Wewe mwalimu, hii barua nani alikuomba?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyeniomba, ni utaratibu.

"Utaratibu wa nani?"

Nikaanza kumweleza habari za kofia. Akainua kiganja.

"Hapa si kwa chifu, bwana. Hapa ukisema unaenda, unafunguliwa mlango."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda stesheni. Chuo ndicho kilichonidhamini mbele ya serikali. Mwanafunzi akiacha masomo, chuo kinalazimika kuiarifu serikali, na serikali inaifupisha viza yake. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kuarifiwa wiki ile. Lakini kulikuwa na la pili. Kwa kuwa nilikuwa nimefaulu masomo yote ya darasani na nimejiondoa mwenyewe kabla ya utafiti, baraza la mitihani lilikutana, likaona nimetimiza masharti ya stashahada ya uzamili, iliyo ngazi moja chini ya shahada niliyoifuata, likanitunuku. Nilikuwa mhitimu tayari. Hakuna aliyenibembeleza, lakini walikuwa wamenipa cheti.

Nikamwuliza kama barua inaweza kuhesabiwa kuwa haijapokelewa. Alinitazama juu ya miwani, akaona sifanyi mzaha, akawa mpole.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, niandike kwamba nimekosea, niikatae stashahada, niombe nirudishwe kwenye shahada ya uzamili. Angenisaidia, na yumkini ningekubaliwa, ila baraza lisingekaa tena kabla ya Oktoba, na kiti changu cha makamu wa rais kilikuwa kinaanza Agosti mosi. Nisipokuwa na ruhusa siku hiyo, anakaa aliyenifuata kwa kura, yule aliyelia. Ya pili, niipokee stashahada. Basi nitakuwa nimemaliza masomo, na sheria inamruhusu aliyemaliza kushika nafasi ya kuchaguliwa katika mwaka unaofuatia tu, mradi chuo kiendelee kumdhamini. Hati mpya angeniandalia kesho yake. Lakini shahada ya uzamili ningeiaga. Nikiitaka tena nianze upya kama mtu mwingine.

Nikamwuliza hakuna njia ya kupata vyote viwili.

"Ilikuwepo. Ungekuja hapa ukiwa na kiti chako na masomo yako, tunasimamisha masomo mwaka mmoja, unaongoza, unarudi kumalizia. Kila mwaka nawafanyia watu. Dakika arobaini hivi, na fomu." Akaigonga barua yangu kwa kidole. "Ulikuwa nayo hiyo njia mpaka Jumanne ile."

Alinipa hadi kesho yake saa sita mchana.

Kwenye treni ya kurudi Barking nilijaribu kuwa mtu mwenye hekima. Dada alinirahisishia. Aliniuliza London nilifuata nini, nikasema shahada ya uzamili. Akasema basi jibu ninalo, akaenda kazini.

Asubuhi nikaenda kuchagua kiti.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya wapiga kura wangu, yule kijana wa Vietnam na wenzake sita. Walikuwemo, ila walikuwa wa tatu. Wa pili alikuwa kijana aliyelia, ambaye sikutaka aache kulia kwa gharama yangu. Wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi, ambaye tangu mwezi wa tatu alishatangaza kanisani Morogoro kwamba mwanawe ni makamu wa rais London, na mchungaji akasimamisha waumini wote wakapiga makofi. Yeye mwenyewe hakunitaka nichague hivyo. Hakujua kama kuna la kuchagua. Mama mshauri aliniuliza waziwazi, "Nyumbani wanajua unaacha nini?" Nikasema wanajua. Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliousema katika ofisi ile, na nadhani aliuona, kwa sababu aliivaa miwani.

Hati ikatoka. Maombi nikayajaza mtandaoni, nikalipia huduma ya haraka, kisha nikapangiwa siku ya kwenda Croydon kuchukuliwa alama za vidole. Hapo nilirudia ujinga wangu kwa kiwango kidogo. Nilidhani kiongozi mteule akifika kwenye ofisi ya serikali hujitambulisha kwanza kwa mkubwa wa pale na kusaini kitabu cha wageni. Nilishuka kwenye tramu saa moja kabla ya wakati, suti imepigwa pasi na dada mwenyewe, nikamwuliza mlinzi wa mlango kitabu kiko wapi. Akaniuliza nina namba. Nikamweleza wadhifa wangu. Akaniuliza tena nina namba. Namba ilipoitwa, binti mmoja alinishika vidole kimoja kimoja akavibonyeza kwenye kioo, hakuinua macho, na ziara yangu ya kikazi ikaishia hapo.

Nikasubiri. Ruhusa ilikuja siku mbili kabla ya Agosti mosi, kwa barua pepe, bila muhuri, bila sahihi, bila hata karatasi ya kuweka kwenye fremu. Niliisoma mara nne nikitafuta mahali ambapo nimekataliwa. Nilipohakikisha, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba ya dada, nikampigia mama.

Nilianza na ushindi, kama nilivyoanza hapa. Akashukuru Mungu. Kisha akauliza swali nililokuwa nikilikimbia tangu mwezi wa sita, kwamba na ile digrii ya pili nitavaa joho lini. Nikamweleza yote, barua, baraza, stashahada.

"Kwa hiyo uliwaandikia kwamba unaacha, wakakuacha?"

"Ndiyo, mama."

"Hawakukuita hata kukuuliza una nini?"

"Hawakuniita."

"Maskini mwanangu. Na barua ilikuwa nzuri?"

Nikasema ilikuwa nzuri sana. Akasema hana shaka hata kidogo kwamba ilikuwa nzuri. Nikamwomba kanisani aendelee tu kuwaambia habari za makamu wa rais.

"Nitawaambia diploma," akasema. "Hayo mengine mwakani wataniuliza yameishia wapi."

Alikuwa sahihi. Umakamu wa rais ulidumu miezi kumi na miwili kamili, na siku ya mwisho nilikabidhi ufunguo kwa mtu wa mapokezi ambaye alinipa risiti. Sasa niko Morogoro, nina kituo changu cha kufundishia, na watu wakinitambulisha kwenye harusi kama msomi wa London mwenye shahada ya uzamili, nasimama na kurekebisha. Nasema ni stashahada ya uzamili. Nikirekebisha hivyo wananiona mnyenyekevu, na hilo nalo sikatai.

Kazi nilizozifanya katika mwaka ule ni nyingi na siku nikiulizwa nitazitaja. Moja inatosha. Katika mwongozo wanaopewa wagombea, ile sentensi ya chini kabisa niliihamisha ikakaa juu kabisa, nikaongeza maneno yangu, kwamba mgombea wa kigeni akichaguliwa asimwandikie mtu yeyote barua yoyote kabla ya kuonana na mshauri. Kikao kiliuliza kwa nini tukataze barua, nani siku hizi anaandika barua. Nikasema mimi nina uzoefu, pitisheni. Wakapitisha.

Masika yaliyofuata alichaguliwa msichana mmoja wa Nepal kuchukua kiti changu. Alikuja ofisini kwangu kusalimia, na kabla hajakaa nilimshika mkono nikampandisha ghorofa ya tatu moja kwa moja. Mama wa Kisumu alikuwa anakula sambusa mezani. Akatutazama wote wawili, mimi na tai yangu, msichana na mkoba wake.

"Huyu ameandika nini?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Hajaandika kitu."

"Basi akae."